Bi Msimu Atafuta Mdhamini

Aliye na kikohozi na akohoe sasa, na aliyeacha chungu motoni akakiteremshe, maana habari hii haipendi kukatizwa.

Ilikuwapo nchi. Si hii yetu. Hii yetu haina mambo hayo. Wala si ya jirani zetu, tusije tukagombana nao bure. Ilikuwa nchi ya mbali kidogo, yenye bendera nzuri na viongozi wenye haya nyingi, tena nyingi kuliko za watu waliowaongoza. Ndiyo maana kazi yao ilikuwa nzito.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Haya na Mwenendo Mwema, jengo la ghorofa nne lililopakwa chokaa kila baada ya miezi mitatu. Chini, nyuma ya ngazi, palikuwa na jiko dogo, na humo ndimo alimofanya kazi Bi Msimu, mpika chai. Kwa miaka ishirini na sita aliwapikia chai maofisa arobaini na wawili, wa arobaini na tatu akiwa Waziri mwenyewe. Alijua nani anapenda hiliki, nani amekatazwa sukari na daktari, na nani amekatazwa lakini anaweka.

Alikuwa mtu wa kuona mema. Ofisa akimsalimia bila kumtazama, yeye husema moyoni: "Masikini, kabeba mawazo ya taifa zima, na bado kanisalimia."

Wizara haikuwa na mapumziko. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ilitoa amri kwamba nguo za ndani zianikwe chini ya shuka, zisije zikaonana na za jirani. Mwezi wa pili ilikamata masanamu yote ya madukani yaliyovishwa nguo za kike. Yalikuwa thelathini. Yalifungiwa ghorofa ya tatu, na kamati ya waheshimiwa saba ikajifungia nayo siku tatu kuuchunguza uovu wake. Bi Msimu aliwapelekea chai mlangoni. Walipotoka walikuwa wamechoka sana, na ripoti yao ilisema kwamba uovu upo, ila uchunguzi unahitaji wiki nyingine mbili. Mwezi wa tatu redio iliwaonya wafugaji kuhusu majogoo. Jogoo mwenye matetea zaidi ya mmoja, ilisema, ni mfano mbaya kwa vijana, na mwenyewe ataitwa kujieleza.

"Jogoo ataitwa au mwenye jogoo?" aliuliza Mzee Vuai, mume wa Bi Msimu, aliyekuwa fundi baiskeli mpaka macho yalipomchoka.

"Hawakufafanua," alisema Bi Msimu. "Lakini Waziri aliposoma sauti ilimtetemeka. Inamuuma kweli."

*

Mwezi wa nne ikaja Kanuni ya Moja Nne.

Waziri wa Haya, Mheshimiwa Faki Mnyoofu, aliisoma mwenyewe redioni: mume mmoja, mke mmoja, cheti kimoja, nyumba moja. Watu wote wanaokaa pamoja bila cheti cha ndoa wajiandikishe kabla ya Siku ya Haya Kitaifa. Watakaoshindwa, mwanamume atapelekwa Kambi ya Mafunzo iliyo kaskazini mwa nchi, mwanamke ile iliyo kusini, kwa miezi tisa, wafundishwe haya.

Bi Msimu alizima redio. Yeye na Mzee Vuai walikuwa wameozwa miaka arobaini na mmoja iliyopita, juu ya mkeka mpya, mbele ya wazee ambao wote sasa wamelala makaburini. Siku zile cheti kilikuwa ni hao wazee.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Vuai baada ya kufikiri, "miaka yote hii nimekuwa kimada wako?"

"Na ulivyojitunza, hakuna aliyeshuku."

Walicheka mpaka mzee akajifuta machozi. Kisha kicheko kikaisha, na Bi Msimu akamtazama akitafuta kikombe chake kwa kupapasa mezani. Miezi tisa. Huko kaskazini nani angemwambia kwamba kikombe kiko kushoto? Nani angejua kwamba kabla ya kulala hupenda kusomewa hata karatasi iliyofungiwa maandazi, mradi asikie sauti?

"Usijali," alisema. "Nitatafuta mdhamini. Mimi nina maofisa arobaini na wawili."

Maana Fomu Namba Tisa ilikuwa wazi kabisa. Asiye na cheti adhaminiwe na mtumishi wa Wizara mwenye Moja Nne kamili, na mtumishi huyo atie sahihi huku mkewe amesimama ubavuni pake. Hapakuwa na gumu lolote. Wizara nzima ilikuwa watu wa haya.

*

Alianza na Mkurugenzi wa Nguo Fupi, kwa kuwa alikuwa na tabia nzuri ya kurudisha kikombe mwenyewe.

"Ningependa sana, Bi Msimu," alisema Mkurugenzi. "Ila mke wangu amesafiri."

"Wa Mtoni au wa Bondeni? Maana wa Mtoni nilikutana naye jana sokoni, ananunua bamia. Alikusifu."

Mkurugenzi alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akampa pakiti nzima ya biskuti, akamwomba afunge mlango akitoka.

Naibu Mkurugenzi wa Muziki Uliokatazwa alisema mkono wa kutia sahihi unamuuma. Akaonyesha wa kulia. Alipokumbuka kwamba anaandika kwa kushoto, akaonyesha na huo. Bi Msimu alimhurumia, akamletea maji ya moto ya kukanda yote miwili.

Mkuu wa Doria za Ufukweni alisema cheti anacho, ila mke aliyeandikwa humo si huyu aliye nyumbani, na huyu aliye nyumbani ana cheti, ila si chake yeye. Alieleza mara mbili. Bi Msimu alikubali kwamba ni jambo la kitaalamu.

Karani Mkuu, Bwana Silima, alikuwa mtu mkweli. Aliinama juu ya meza yake akasema, "Mama, cheti changu kimo ndani ya kabati. Ufunguo anao mke wangu. Mke wangu yuko kwao tangu mwaka juzi."

"Mlikosana nini, baba?"

"Nilikuwa natembelea Wizara mchana, na usiku natembelea pengine."

"Hukuwahi kumwomba radhi?"

"Nimeandaa rasimu," alisema Bwana Silima, akavuta droo. Kweli ilikuwamo, imepigwa chapa, ina kumbukumbu namba.

Siku tisa alipanda ngazi na sinia na kushuka na sinia. Arobaini na wawili wote walikataa, na hakuna hata mmoja aliyemfukuza. Mmoja alimpa mwavuli. Alirudi nyumbani na biskuti za mwezi mzima na fomu isiyo na sahihi. Zilibaki siku nne.

"Hawa watu wana upole," alimwambia Mzee Vuai. "Sijui kwa nini wote wake zao wamesafiri wakati mmoja."

 Mzee Vuai alikuwa ameanza kukunja shati moja na kikoi, kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana anafunga safari. Bi Msimu aliliona hilo, akalichukua shati, akalitundika tena.

*

Kesho yake alipanda mpaka ghorofa ya nne.

Mheshimiwa Faki Mnyoofu alikuwa mbele ya kioo akifanya mazoezi ya kuhuzunika. Alipokea chai yake ya tangawizi, vijiko vitatu vya sukari, akasikiliza. Alipoelewa, uso ulimng'aa.

"Bi Msimu! Kwa nini uhangaike na watu wadogo? Mimi mwenyewe nitakudhamini. Siku ya Haya, uwanjani, mbele ya wananchi! Bibi mnyonge aliyepotoka, anashikwa mkono na Waziri, anarudishwa njia nyoofu!"

"Sikupotoka sana, Mheshimiwa. Ni cheti tu."

"Jukwaani utapotoka kidogo. Watu wanapenda."

"Na mke wako atakuwepo, Mheshimiwa? Fomu inasema ubavuni."

"Atakuwepo! Namwita kwa barua rasmi." Akaita katibu wake, akaamuru iandikwe: *Mke wa Mheshimiwa Waziri aletwe uwanjani kutoka nyumbani.* Akatia sahihi bila kuisoma, maana alikuwa amerudi kwenye kioo.

Barua hiyo ilishuka ghorofa nne mpaka kwa Ngwali, dereva wa Waziri, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ngwali aliisoma, akaisoma tena, akaja nayo jikoni.

"Dada Msimu, nisaidie. Barua inasema nyumbani. Nyumbani ipi?"

Hapa ni lazima nieleze kuhusu kitabu cha safari. Waziri alipoingia madarakani alikuta madereva wanaandika uongo katika vitabu vyao, akakasirika, akatunga Agizo Namba Thelathini na Moja. Kitabu cha dereva wa Waziri kisifutwe, kisikatwe, na kila Waziri anaposhuka kwenye gari paandikwe kwenye safu moja kati ya mbili: *kazini* au *nyumbani*. Mtu alimwuliza kama isingefaa kuwa na safu ya tatu. Waziri alijibu kwamba kiongozi msafi hana mahali pa tatu. Gazeti lilimsifu sana kwa maneno hayo.

Na Ngwali alikuwa mtiifu. Anaposhuka Waziri akaingia na mkoba, akatoka baada ya saa tatu ameoga, Ngwali alijiuliza: hapa ni kazini? Si kazini. Basi akaandika *nyumbani*.

"Kitabu kinasema nyumbani ngapi?" aliuliza Bi Msimu.

"Tano."

Bi Msimu alifikiri huku akisuuza birika. Hakuwa na ujanja wowote. Alitaka tu pasikosekane mtu ubavuni.

"Fuata kitabu, ndugu yangu. Waziri mwenyewe ndiye aliyesema kisibishiwe."

"Na mimi ndivyo nilivyoona," alisema Ngwali, akaenda kuomba basi dogo.

*

Siku ya Haya Kitaifa, Bi Msimu na Mzee Vuai walipanda basi hilo, kwa kuwa nao walitakiwa jukwaani. Ndani walikuta wanawake watano wamevaa vizuri, kila mmoja amekaa peke yake akitazama dirishani kwa heshima kubwa. Bi Msimu alikuwa na chupa ya chai. Hakuna ambaye angeweza kukaa ndani ya gari na Bi Msimu bila kupewa chai.

"Na wewe mwenzangu ni mke wa nani?" Bi Arafa, mkubwa wao, alimwuliza aliyekaa nyuma yake.

"Wa Waziri," alisema Kazija, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye ulimi mwepesi.

"Waziri gani?"

"Wa Haya."

"Wa Haya ni mume wangu mimi. Nina cheti."

"Mimi nina friji aliyonunua," alisema Kazija. "Na kuna pajama yake."

"Ya mistari ya buluu?" sauti ikatoka siti ya nyuma.

"Ya buluu."

"Hata kwangu ipo."

 Ngwali alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama barabara kama anaisoma.

"Kwangu husema anakesha ofisini kwa ajili ya taifa," alisema Bi Arafa polepole. "Nikawa namwombea dua asichoke."

"Mimi aliniambia mkewe alifariki," alisema Kazija, akamtazama Bi Arafa juu mpaka chini. "Pole, dada. Hujambo sana kwa maiti."

Aliyeanza kucheka alikuwa Bi Arafa mwenyewe. Alicheka, halafu akalia kidogo, na Kazija, aliyekuja tayari kwa vita, akavua kitambaa chake cha shingo akampa afutie macho. Bi Msimu aliliona tendo hilo, akammiminia Kazija kikombe cha pili kabla hajaomba.

*

Uwanja ulijaa. Bendi ilipiga matarumbeta, maofisa arobaini na wawili walikaa kwa safu, na Waziri akashika kipaza sauti. Alizungumza saa moja na nusu kuhusu nyumba ndogo, jinsi zinavyobomoa nyumba kubwa, na jinsi yeye akiiona hata kwa mbali nyumba ndogo husikia baridi. Kisha akamwita Bi Msimu na Mzee Vuai, akaiweka Fomu Namba Tisa mezani, akainua kalamu juu watu waione.

"Wananchi! Mimi nina mke mmoja, wa pekee, nuru ya nyumba yangu moja. Namwita asimame, aje ubavuni pangu!"

Wakasimama watano. Wakapanda ngazi wakifuatana, Bi Arafa mbele, wakajipanga, watatu kulia na wawili kushoto.

 Kiongozi wa bendi, aliyekuwa ameambiwa kwamba Waziri akipata mkewe ubavuni apige, alipiga. Alipiga wimbo wa taifa. Na wimbo wa taifa wa nchi hiyo una beti saba, na anayecheka wakati unapigwa hufungwa. Basi watu elfu kumi na mbili walisimama wima, mashavu yamevimba, mabega yanatikisika, machozi yanawatiririka kwa uzalendo.

Waziri alikuwa na beti saba za kufikiri. Ubeti wa kwanza alipauka. Wa tatu alitazama mlango wa nyuma, akamwona Kazija anautazama pia. Ubeti wa sita uso ukamrudia. Wa saba ulipoisha, akapaza sauti kabla mtu hajavuta pumzi.

"Wananchi! Mliyoyaona ni Awamu ya Pili ya Moja Nne! Serikali yenu sikivu imegundua kwamba wananchi wengi hawana vyeti, si kwa uovu, bali kwa shughuli. Kuanzia sasa, nyumba yoyote ambayo mtu ametengewa chakula kwa miezi sita ni ndoa halali! Anayetengewa ni mume, anayetenga ni mke!"

Maofisa arobaini na wawili waliruka juu wakipiga makofi. Mkurugenzi wa Nguo Fupi alilia. Naibu wa Muziki Uliokatazwa alipunga mikono yote miwili, ilikuwa imepona kabisa.

"Mheshimiwa," alisema Kazija karibu na kipaza sauti, "na sheria ya zamani, ile kwamba mume awe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, bado ipo?"

"Bila shaka ipo," alisema Waziri, bado ana furaha. "Niliitunga mimi."

"Kila nyumba?"

"Kila ny..."

 Wanawake watano walikuwa wanamtazama kwa upole, kama watu wanaomsubiri mgeni chakula. Kwa haraka, apate kitu kingine cha kufanya, aliinama akatia sahihi kwenye fomu ya Bi Msimu, na mstari wa sahihi ukapita mpaka kwenye meza.

*

Kilichobaki kilikuwa kidogo tu. Chini ya jukwaa Bwana Silima alikuwa na rejista mpya na mhuri mpya.

"Hapa, mama. Swali ni moja. Mzee Vuai ametengewa chakula miezi sita mfululizo?"

"Hapana," alisema Bi Msimu.

Kalamu ya Bwana Silima ilianguka. Nyuma yao askari wawili walisogea hatua moja, mmoja wa kambi ya kaskazini, mmoja wa ile ya kusini.

"Mama, sema ndiyo. Nakuomba. Ndiyo tu, nigonge mhuri."

"Siwezi kukuongopea, baba, hasa leo. Mimi hutoka kazini jioni. Nikifika, huyu keshapika kwa kupapasa, keshafunika sahani, na maji ya kunawa keshayaweka. Tangu macho yalipomchoka, miaka tisa sasa, mimi ndiye ninayetengewa."

"Chumvi ananikumbusha yeye," alisema Mzee Vuai kwa kujitetea. "Mengine najua."

Bwana Silima alifungua sheria mpya, wino wake bado mbichi. Akaisoma kwa kidole. Akawatazama askari, akawatazama wazee wawili walioshikana mikono, akaanza kuandika taratibu huku midomo inamcheza. *Mume: Bi Msimu. Mke: Mzee Vuai.*

"Mzee, hutaudhika?"

"Niandike hata bata, mwanangu. Mradi nirudi naye."

Mhuri ukagonga. Askari wa kaskazini, kijana wa watu, alimshika mzee kiwiko akamvusha ngazi za kutokea uwanjani.

*

Jumatatu Bi Msimu alikuta foleni mlangoni pa jiko, na haikuwa ya chai.

Ilikuwa hivi. Awamu ya Pili ilizifanya nyumba zote za maofisa kuwa ndoa halali, na kila ndoa ilitaka fomu, na kila fomu ilitaka mdhamini mtumishi wa Wizara mwenye Moja Nne kamili. Waziri hakufaa tena; gazeti la serikali lilikuwa limemtangaza kuwa na nyumba tano. Bwana Silima alipitia rejista yote, akapata mtumishi mmoja tu aliye na mke mmoja, cheti kimoja na nyumba moja. Alikuwa nyuma ya ngazi, anapepeta majani ya chai.

Basi walikuja waheshimiwa wakiwa na fomu zao, wenye mbili, wenye tatu. Bi Msimu hakuwasimanga. Aliwaketisha kwenye kibao cha kukunia nazi mmoja mmoja, akawapa chai, akawauliza.

"Jana alikutengea nini?"

"Nani, wa Mtoni?"

"Yeyote. Alipika nini?"

Mkurugenzi wa Nguo Fupi alifikiri mpaka jasho likamtoka. Hakukumbuka.

"Nenda kaulize, baba. Ukishamshukuru, uje nitie sahihi."

Wengi walikwenda. Bwana Silima hakuwa na fomu. Aliomba siku moja ya ruhusa, akachukua rasimu yake ya radhi, akaichana mlangoni, akaenda kwa wakwe mikono mitupu.

Wa mwisho alikuwa Mheshimiwa Faki Mnyoofu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa halijapigwa pasi, na mkononi alikuwa na fomu tano.

"Bi Msimu," alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "kila saa kumi na mbili niko barabarani. Nikifika kwa mmoja nimechelewa kwa wanne. Na popote ninapofika naambiwa, si umekula kwa mwenzangu? Sijatengewa chakula tangu Alhamisi."

Bi Msimu alimpa maandazi matatu, akamtazama anavyoyala. Alimhurumia kweli, maana ameonewa na sheria nzito, tena hakuna hata mtu wa kumlalamikia. Alizichukua fomu tano, akazilainisha pembe, akaziweka chini ya sinia.

"Kesho, baba," alisema, akajifunga kanga, akachukua kikapu chake. "Leo jua limeshuka. Mimi ni mume wa mtu, na sheria yako inanitaka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili."

Akashika njia, hakimbii wala hachelewi. Nasi tumwache aende, asije akakuta chakula kimepoa.